Sivii Isiyo na Korosho

— Fremu sitoi.

— Baba Chrispin, nakuomba.

— Sitoi, mwanangu. Karatasi bila fremu ni kama jeneza bila kitambaa. Watu watasema Basil amezeeka, kazi imemshinda.

— Lakini mashine haitaki fremu.

— Mashine imekuja hapa lini ikanieleza? Mimi nimeweka fremu kwenye kadi za harusi, vyeti vya shule za awali, programu za mazishi. Hata marehemu hajawahi kulalamika.

Ubishi huo wa Basil, ndiye Baba Chrispin, na Regina ulianzia ndani ya steshenari ya mzee, mbele ya kompyuta, ukatoka nje wenyewe kama moshi mpaka ukalifikia benchi. Benchi lilikuwa kuukuu, la kanisa la Lulindi, lililotolewa siku walipoletewa viti vya plastiki, na sasa lilikaa chini ya bati la steshenari, mkabala na stendi ya Newala. Hapo ndipo Majaliwa alipoteleka birika lake la kahawa. Hapo ndipo walipokaa wale ambao hawana ofisi lakini wanawahi kazini kuliko wenye ofisi. Pancras, aliyestaafu ukarani wa masjala, waliyemwita Waziri kwa sababu kila jambo lilimfika mezani. Mujibu, fundi wa simu na madishi, waliyemwita Satelaiti. Basil mwenyewe walimwita Mzee Fremu, naye alilipenda jina hilo.

Regina alikaa pembeni ya benchi, kikombe mkononi, kahawa haijapungua. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Alikuwa akisoma stashahada ya ugavi, na chuo hakikuruhusu mwanafunzi aendelee bila kupata mahali pa kujifunza kazi kwa vitendo. Wenzake wote walishapata. Yeye alikuwa ameomba sehemu tatu, zote kwa njia ya mtandao, na zote zilimkataa kabla kikombe hakijapoa. Asante kwa kuomba, hatutaendelea na maombi yako. Mtu hawezi kusoma haraka hivyo. Ilikuwa mashine.

Sasa ilibaki sehemu moja, kiwanda cha kubangua korosho kule Masasi, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa jioni ile. Akikosa, atasubiri mwaka mzima. Na baba yake alishasema kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba mwaka haurudiwi nyumbani kwake. Kama wa Regina umepotea, zamu itakuwa ya mdogo wake, Huruma. Regina hakumwonea Huruma kijicho. Alijua tu kwamba zamu ikishapita, hairudi nyuma kukuokota.

Asubuhi mwalimu wake wa chuoni alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, akamweleza kwamba siku hizi sivii inapokelewa kwanza na mfumo, wala si na mtu. Mfumo unasoma mstari kwa mstari. Maandishi yakikaa ndani ya maboksi na maua, unayaruka au unayachanganya. Kisha unalinganisha maneno ya sivii na maneno ya tangazo, na yasipofanana unakuweka kando. Regina alikuwa amekisikilizisha kijiwe kizima ujumbe huo. Lilikuwa kosa. Kijiwe kikisikia jambo nusu, chenyewe hukamilisha nusu ya pili.

— Tatizo si fremu, alisema Waziri. — Tatizo ni muhuri. Huyu binti amejipeleka mwenyewe. Nani amemtambulisha? Enzi zetu barua bila muhuri wa mtendaji tuliitumia kufungia sukari.

— Muhuri utaingiaje kwenye simu, mzee? aliuliza Regina.

— Unapigwa picha, alisema Waziri.

— Na heshima je? aliendelea Waziri. — Nimeisoma sivii yako. Inaanza na jina, moja kwa moja, kama askari. Haina hata shikamoo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, bibi. Anza na shikamoo mfumo.

Mujibu alitua kikombe chake.

— Waziri, hebu acha. Mashine hiyo imetengenezwa juzi. Regina ana miaka ishirini na mbili. Nani wa kumwamkia mwenzake?

Jambo hilo likawashika. Waziri alisema umri wa mashine ni umri wa tajiri aliyeinunua. Mujibu akasema kwa hesabu hiyo basi pikipiki ya padre nayo iamkiwe. Majaliwa, aliyekuwa akipepea mkaa bila kuinua uso, akaongeza kwamba yeye humwamkia mtu yeyote anayelipia kahawa, na wote wakatazama vikombe vyao, kwa sababu hapo kila mmoja alijijua.

Baada ya hapo Mujibu alitoa ya kwake. Kwa maelezo yake, Newala iko ukingoni, na kule bondeni ni Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Mara ngapi simu zao zimepokea ujumbe wa kuwakaribisha Msumbiji wakiwa wamelala vitandani mwao? Basi sivii ya Regina ikitoka hapa inateremka bonde, inavuka mto, inapanda mnara wa huko, ndipo inarudi Masasi. Mfumo ukiipokea unaona mtu anatoka nchi ya watu. Utampaje kazi bila kibali?

— Kwa hiyo nifanyeje? aliuliza Regina, si kwa sababu aliamini, ila kwa sababu alikuwa amechoka hata kutokuamini.

— Ukaitume ukiwa mbali kidogo na mpaka, kama unaelekea Lukuledi. Tena ubadilishe jina. Hizi mashine zinaambiana. Moja ikikukataa, zote zinakufunga. Jiite Ursula.

— Jina la Regina alipewa na babu yake katekista, alisema Waziri kwa hasira ya ghafla. — Halibadilishwi kwa ajili ya dude lisilo na mama. Ndiyo maana halina adabu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hili halijafunzwa na yeyote.

Basil alisimama mlangoni na miwani yake paji la usoni, akasema yeye anaona dawa ni moja tu, nayo ni fremu ya dhahabu. Labda mfumo ulidharau ile ya maua ya bluu. Regina alitazama chini. Alihisi kama mtu aliye kisimani na ndoo tupu, akisikiliza watu wakibishana rangi ya kamba.

Ndipo akaja mwanamke mmoja na mkoba wa shule, na mfuko wa rambo umening'inia mkononi. Aliwaamkia wazee, wakaitika marahaba. Alijitambulisha kwamba ni mwalimu Flora, amehamishiwa Newala mwezi huu akitokea Bukoba, na anahitaji nakala ya vyeti vyake. Basil alimwambia asubiri kidogo, kuna kesi. Mwalimu Flora akakaa karibu na Regina, na kwa kuwa mwalimu hawezi kuona karatasi mkononi mwa mwanafunzi akaiacha, aliiomba sivii akaisoma. Akaomba na tangazo la kiwanda, akalisoma kwenye simu. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

— Hawa wanataka mtu wa kupanga madaraja ya korosho ghafi, alisema. — Na kutambua zenye unyevu, na kutunza ghala. Samahani, mdogo wangu. Wewe korosho unazijua?

Benchi likacheka. Hata Majaliwa alicheka.

— Mwalimu, alisema Waziri, akijifuta macho, — huko kwenu Bukoba mnaulizana kama mnaijua ndizi?

— Nisameheni. Mimi ni mgeni. Hizi hapa nimenunua jana nipeleke nyumbani, wala sijui kama nimeibiwa.

Akafungua mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na korosho na maganda yake. Regina, bila hata kuweka kikombe chini vizuri, aliingiza mkono, akateka kiasi cha kiganja, akakitikisa karibu na sikio. Mikono yake ilianza yenyewe. Hii imekauka, sikia inavyogonga. Hii bado, ingewekwa ghalani ingeota ukungu na kuambukiza gunia zima. Hii imeangushwa kwa fimbo kabla ya wakati wake, ndiyo maana nyepesi, ndani hamna kitu. Hii imenyeshewa mvua ikiwa chini, tazama madoa. Alikuwa akizitenga kwenye benchi huku akisema, nzuri upande wake, mbaya upande wake. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na yeye hakujua.

— Kuibiwa hukuibiwa sana, mwalimu. Ila usinunue tena kwa yule mtu.

— Umejifunza wapi?

— Kwa mama. Kila msimu anachukuliwa na chama cha msingi cha wakulima kuchagua korosho ghalani. Nilikuwa nikitoka shule nakwenda kumsaidia, tangu sijafika darasa la nne. Likizo zote nipo hapo. Msimu uliopita katibu aliniachia kabisa meza ya kupokea mzigo.

Mwalimu Flora alitazama korosho zilizotengwa, akatazama sivii. Aliigeuza nyuma, kama kuna ukurasa uliojificha.

— Basi mbona humu haimo?



Waziri alifungua kinywa kutafuta methali, akakifunga. Mujibu aliangalia angani, kule ziliko satelaiti, nako hakukuwa na kitu. Sivii ya Regina ilikuwa na tarehe ya ubatizo na tarehe ya kipaimara. Ilikuwa na sauti anayoimba kwenye kwaya. Ilikuwa na mambo ayapendayo, kusoma na kusikiliza habari, ingawa redio ya nyumbani ilikufa zamani. Ilikuwa na wadhamini, padre, mtendaji wa kata na diwani. Korosho hazikuwemo hata kwa bahati mbaya. Wote pale walikuwa wameisoma sivii hiyo, wengine mara mbili, na hakuna aliyeona pengo, kwa sababu hakuna mtu wa Newala anayeweza kuandika kwenye karatasi ya heshima kwamba anajua korosho. Ni kama kuandika kwamba unajua kutembea.

— Mimi mfumo siujui, alisema mwalimu Flora, akiona amewakwaza wenyeji. — Nimeuliza tu.

Basil ndiye aliyeinuka. Aliingia ndani, na Regina akamfuata. Wakakaa mbele ya kompyuta, mzee na binti. Kisha Basil alibonyeza ua la kwanza likatoka. Akabonyeza nguzo ya kushoto ikatoka, na ile ya kulia, na duara lililozunguka picha, na picha yenyewe. Kila kimoja alikiondoa taratibu, kama mtu anayeshusha mapambo baada ya sherehe.

— Imekaa kama mtu aliyetoka kuoga, alisema.

— Ndivyo mwalimu wa chuo alivyosema iwe.

— Haya. Sema.

Regina akasema, Basil akaandika. Walitumia maneno ya tangazo kama yalivyo pale alipoyatenda kweli, na pale asipoyatenda wakayaacha. Kupanga madaraja ya korosho ghafi. Kutambua korosho zenye unyevu. Kupokea mzigo ghalani. Mwaka gani mpaka mwaka gani. Basil aliuliza kama aandike ni kazi ya nani, maana hakuna barua ya ajira. Regina akafikiri, akasema aandike msaidizi wa mchaguaji, chama cha msingi, akaweka na jina la katibu mahali pa diwani. Kipaimara kikatoka. Kwaya Basil aliitetea, ikabaki mstari mmoja.

Wakaituma jua likiwa linaegemea paa la soko.

Walirudi kwenye benchi. Simu ikawekwa katikati, na wote wakaitazama. Mara zote tatu jibu lilikuja upesi kama kofi. Safari hii halikuja. Mwalimu Flora alipata nakala zake akaaga, akiwaachia korosho mbaya zote. Bado halikuja.

— Labda inasoma, alisema Waziri kwa sauti ya chini, kama mtu aliye nje ya chumba cha mgonjwa.

— Au imevuka Msumbiji, alisema Mujibu, lakini bila nguvu.

Waziri akaomba kikombe cha mwisho. Majaliwa alitikisa birika, akalirudisha. Kahawa ipo, alisema, maji ndiyo hakuna. Gari la maji halijapita tangu juzi. Mmoja mmoja waliinuka, kila mtu na magoti yake, na Basil akaanza kuingiza mabango ndani.

Regina alitembea kwenda nyumbani na simu mfukoni, kimya. Hakuwa na furaha. Alikuwa na kitu kidogo kuliko furaha, kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa bado hajakataliwa.

Mama yake alikuwa amekaa kizingitini juu ya kipande cha jamvi, akichagua korosho kwa mwanga uliobaki. Aliitika marahaba bila kuinua uso. Miguu yake ilikuwa imevimba, kama ilivyokuwa kila msimu.

— Wamekukataa?

— Bado hawajajibu, mama.

— Umewaandikia nini safari hii?

— Nimewaandikia kuchagua korosho. Ile kazi uliyonifundisha.

Mikono ya mama ilisimama. Aliitazama korosho aliyokuwa ameishika, akaigeuza upande mmoja na upande wa pili. Kisha alijisogeza taratibu ampe mwanawe nafasi ya kupita, akasema pale pale mlangoni:

— Kumbe na hiyo huandikwa.