Tormod Macritchie, Mshika Redio wa Ndege ya Doria (1921–1989)

Tormod Macritchie alizaliwa Siabost, kisiwani Lewis, tarehe 3 Mei 1921, mtoto wa tatu wa Aonghas na Seonag, wafumaji wa sufu. Alisoma shule ya kijijini hadi umri wa miaka kumi na minne. Darasani hakutulia, vidole vyake viligonga dawati mpaka mwalimu akamhamishia peke yake dirishani.

Mwaka 1941 aliingia jeshi la anga, akawa mshika redio kwenye Wellington, ndege ya mabomu ya injini mbili iliyokuwa imehamishiwa kazi ya kusaka nyambizi baharini. Tarehe 11 Machi 1943, mbali magharibi mwa visiwa vyetu, injini moja ilizimika. Walitupa mabomu, bunduki, hata chupa za chai, lakini ndege ikazidi kushuka. Rubani, Emrys Pritchard kutoka Wales, aliwaamuru wote wakae chini wajishikilie. Tormod alibaki mezani kwake, amekandamiza kibonyezo cha redio ili walio nchi kavu wajue ndege iko wapi.

"Tormod, acha hiyo! Kaa chini, bwana!"

"Bado hawajatupata, Kapteni."

"Tunaingia majini!"

"Basi nyamaza niwasikie."

Jibu lilikuja mawimbi yakiwa usawa wa dirisha. Ndege ilipopiga maji, meza ilimponda mkono wa kushoto. Watano walifika kwenye boti ya mpira. Leslie Dunn, mlinzi wa mkiani, alizama na ndege. Meli iliwaokoa kesho yake. Watu walipompongeza Tormod, alijibu, "Leslie hakutoka," akaenda zake.

Alirudi nyumbani na vidole viwili tu mkono wa kushoto, na wengi waliona kufuma kumemshinda. Oighrig Morrison, aliyemwoa tarehe 6 Juni 1947, alimwambia, "Wewe kanyaga pedali ya mtambo, nyuzi niachie mimi." Walifuma hivyo hadi uzeeni.

Januari mwaka huu Tormod alishikwa na nimonia. Tarehe 13 Februari dhoruba ilizuia kivuko, binti yake Mairead akakwama Ullapool, bandari ya ng'ambo. Alipiga simu tena na tena.

"Mama, bado anapumua?"

"Anapumua. Anauliza kama umepanda meli."

Tormod alifariki alfajiri ya tarehe 14. Kivuko kiliondoka siku iliyofuata.

Kwa desturi yetu wanawake hubaki nyumbani jeneza likienda makaburini. Jana wazee walimkumbusha Oighrig hilo. Akawajibu, "Binti yangu amemkosa akiwa hai. Kaburini hamkosi." Mkubwa wao akasema, "Basi ashike kamba ya jeneza, ile ya kichwani."

Marehemu ameacha mjane, Oighrig, mwana, Ruairidh, dada, Ceit, wajukuu wanne, na Mairead, atakayemshusha kaburini leo.

Mungu ampokee, apate kupumzika.