Kutafuta Meza Isiyoiba

Benchi lenyewe ni la mbao, limebonyea katikati kwa kukaliwa na watu walewale miaka nenda rudi, na liko mbele ya kibanda cha fundi nguo ambaye mtaa mzima unamwita Overloki. Kushoto hukaa Kimya, muuza nyama, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajui kunyamaza. Katikati hukaa Bima, aliyewahi kuuza bima akaacha, ila tai hajaivua mpaka leo. Kulia ni Antena, fundi simu, ambaye kibanda chake kinatazamana na benchi, kwa hiyo akiona mteja pale humwita kwa mluzi. Kahawa huletwa na Mama Chupa, na anayekunywa hulipa kabla kikombe hakijafika mdomoni, maana Mama Chupa hamwamini mtu. Siku hiyo hakuwa peke yake kwa kutoamini. Tangu asubuhi benchi zima lilikuwa limekunja uso juu ya swali moja: katika blakijeki zote, ile karata ya kukimbilia ishirini na moja, zinazochezwa mtandaoni, ipi haiibi?

Na mjadala haukuwa wa kupotezea muda, wala msidhani. Overloki alikuwa ameitoa nje mashine yake ya kufunga pindo, ileile iliyompa jina, ambayo hakuna fundi mwingine mtaani aliye nayo. Ameifuta, ameitia mafuta, ameiweka juu ya stuli, anamsubiri mnunuzi. Hela ikishaingia kwenye simu, yote inakwenda kwenye meza ya karata hiyo. Mke wake aliambiwa mashine inapelekwa sevisi. Shule zinakaribia kufunguliwa na ndani ya kibanda kuna rundo la sare ambazo bila mashine ile pindo zake zitachanika wiki ya kwanza, lakini Overloki alikuwa na jibu la hilo.

— Nauza moja, nacheza, nanunua mbili, alisema, maneno ambayo hata Mama Chupa alishachoka kuyasikia.

— Hakuna meza isiyoiba, Kimya akasema. Mimi nauza nyama bwana, mzani naujua. Mwenye duka anasimama upande wake, mteja upande wake. Unadhani wanaona namba ileile?

— Kumbe unakiri! Bima akamdaka.

— Nakiri nini? Nazungumzia mizani ya wenzangu.

— Sikilizeni, Bima akasema, akiikaza tai. Kila meza ina sehemu ya nyumba.

— Nyumba ya nani? Kimya akauliza.

— Ya kasino! Mwenye mchezo ndiye tunamwita nyumba. Kwa kila mia mnayoweka, yeye kuna kidogo anabakiza. Kuna meza anabakiza mbili, kuna meza anabakiza nusu ya moja. Sisi tunaitafuta hiyo ya nusu.

— Na aliyekwambia anabakiza nusu ni nani?

— Wameandika wenyewe.

— Ahaa! Kimya akapiga paja. Wenyewe! Na mimi nitaandika kwenye bucha kwamba ng'ombe wangu hawana mifupa.

Overloki alicheka, ila cheko lake lilikuwa la mdomoni. Alitaka watu hawa waseme ndiyo. Hakuhitaji ruhusa yao, mtu mzima ana familia yake, lakini tangu alipoamka alikuwa na wasiwasi, na alijua kwamba benchi likisema ndiyo, utaisha.

— Shida si nusu, Antena akasema. Shida ni kamera.

— Kamera gani tena?

— Simu ina kamera mbele, si ndiyo? Umepata ishirini, moyo unakwenda mbio, unameza mate. Wao wanaliona koo. Basi mgawaji anaambiwa, huyu ana ishirini, wewe jipe ishirini na moja.

— Hilo nililifikiria, Overloki akasema taratibu, akaigeuza simu yake. Juu ya kamera kulikuwa na kipande kidogo cha bitana kilichobandikwa kwa gundi.

Wote waliinama kukitazama kwa heshima. Kilikuwa kimekatwa vizuri, pembe zote nne.

— Fundi ni fundi, Mama Chupa akasema.

— Haya, tuseme kamera imezibwa, Kimya akarudi. Yule dada anayegawa karata mmeshamwona akipiga chafya? Mimi nimemtazama humo kwenye simu ya fundi siku kadhaa. Hapigi chafya, hajikuni, hakohoi. Ile ni kanda. Imerekodiwa zamani, yule dada sasa hivi ana wajukuu.

— Si kanda, Overloki akakataa. Kola ya blauzi yake ilikuwa imepinda. Upande wa kushoto umeshuka, aliyeishona hakuweka alama ya katikati. Nikawa namtazama, inanikera, inanikera. Juzi nikaona imerekebishwa. Kanda haiwezi kurekebisha kola.

— Basi yupo hai, Bima akatoa hukumu.

— Au fundi wake ndiye yupo hai, Kimya akasema.

Lakini Antena alikuwa ameshakitua kikombe chini, macho yamemtoka.

— Fundi, nijibu kwa makini. Hilo la kola ulimwambia mtu?

— Nilimwambia mke wangu. Tulikuwa tunakula.

— Simu ilikuwa wapi?

— Mezani.

— Ee bwana wee! Wanasikiliza!

Benchi zima likashtuka. Bima aliinyakua simu, akaifunika kwa kofia yake, kisha akaona kofia haitoshi, akaikalia. Kuanzia hapo walizungumza kwa kunong'ona, wanaume wazima wameinamiana vichwa, na wapita njia wakawa wanawakwepa wakidhani kuna msiba.

— Ndiyo maana mtandao unaganda ukiwa na karata nzuri, Kimya akanong'ona. Wanaugandisha ili wafikirie.

— Na wanajua ukiwa na njaa, Antena akaongeza. Kidole cha mwenye njaa kinabonyeza haraka. Wanapima. Mwenye njaa hapewi mfalme.

— Mtu asicheze kabla hajala, Bima akaliafiki hilo kama vile ameliandika yeye.

— Kunyweni kahawa basi, Mama Chupa akasema, na bila kukawia akanyoosha mkono wa malipo.

Hapo Bima akasema inatosha, lazima mtu mmoja aifanye kazi hii kisomi. Aliitoa simu alikoikalia, ikiwa na joto, akaanza kupekua meza moja baada ya nyingine, anasoma yale maandishi madogo ya chini ambayo watu hubonyeza nimekubali bila kuyatazama. Ya kwanza akaitupa. Humo ukipata ishirini na moja kwa karata mbili unalipwa sita kwa kila tano ulizoweka, na Bima alisema huo ni ujambazi wa mchana. Ya pili mgawaji akifika kumi na saba yenye ree ndani, ile karata inayohesabiwa moja au kumi na moja, anaruhusiwa kuongeza karata. Hiyo nayo akaitupa. Kimya alikuwa anakubali kwa kichwa kila ilipotupwa moja, na usoni ameanza kung'aa, maana hakuna kitu anachokipenda kama kuambiwa kwamba alishuku sawasawa.

— Hii, Bima akasema ghafla. Njooni muone. Wanalipa tatu kwa mbili. Mgawaji akifika kumi na saba anasimama, iwe na ree isiwe na ree. Na unaruhusiwa kugawanya karata pacha. Mtu akicheza bila kukosea, nyumba inabakiza chini ya nusu ya moja katika mia.

— Chini ya nusu? Antena akauliza.

— Chini ya nusu!

— Hao wanaishije? Mama Chupa akauliza, lakini hakuna aliyemsikia.

— Ndiyo hiyo hiyo, Overloki akasema, na sauti ikampanda kwa furaha. Ndiyo niliyokuwa naijaribu mimi. Wiki tatu, na nipo juu. Nipo juu sana!

Antena aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho jinsi anavyotazama waya uliokatika.

— Fundi, hapa juu pameandikwa majaribio.

— Ndiyo.

— Kwa hiyo hizi ulizoshinda si hela.

— Si hela, ni za kujaribia. Wewe vipi? Kila kitu kinajaribiwa. Mimi kabla sijashona suti ya mtu, napitisha sindano kwenye kipande cha kutupa. Kikitoka vizuri kipande, na suti inatoka vizuri. Sindano ni ile ile, uzi ni ule ule. Miaka yote kipande hakijawahi kunidanganya.

Alilisema hilo kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake, na kazi yake kweli anaijua, hapo hapana ubishi. Antena akamrudishia Bima simu. Kimya alimtazama Bima. Bima alimtazama Kimya. Mwishowe Kimya, ambaye katika maisha yake hajawahi kumwamini hata mama mkwe wake, alishusha pumzi.

— Hiyo ya kipande imeniingia, akasema. Mimi mwenyewe nikiona imekaa vizuri, nitaweka kidogo.

— Tuingie wote, Bima akasema. Fundi atangulie.

Wakapeana mikono. Overloki akamwambia Mama Chupa amimine raundi nzima kwa gharama yake, na Mama Chupa akasema lete kwanza.

Ndipo mnunuzi akafika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amebeba mkoba begani na futi ya kupimia shingoni, akawasalimia wote, wakamwitikia. Alisema yeye naye ni fundi, mtaa wa pili, anataka kuanza kupokea kazi za sare. Hakukaa. Aliinama kwenye mashine, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akatazama visu, akapitisha kidole kwenye ncha ya sindano. Akaomba umeme, akakanyaga pedali yake, ikanguruma ile sauti yake nyororo ambayo watoto wa Overloki wamelala nayo tangu wakiwa wachanga. Akaizima.

— Mashine nzima, akasema.

— Nzima kabisa dada.

— Sasa mbona unaiuza?

Ni swali ambalo kila mnunuzi huuliza, la kawaida mno, na kwa siku nzima hakuna aliyekuwa amejiandaa kulijibu.

— Macho yake, Bima akawahi. Daktari amemkataza.

— Anahama, Antena akasema wakati uleule.

— Amepata kubwa zaidi, hii imekuwa ndogo, Kimya akasema, kwa sauti ya juu kuliko wote.

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, kisha akarudi hatua moja nyuma na kuuvuta mkoba wake mbele ya tumbo.

— Nimemuuliza mwenye mashine.

Overloki alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, amelisema tangu asubuhi mpaka limelainika ulimini: nauza moja, nacheza, nanunua mbili. Lakini huyu alikuwa fundi mwenzake, amesimama na futi shingoni, anangoja, na Overloki alipotaka kulitoa akaona aibu imempanda mpaka masikioni. Alitazama benchi limsaidie, na benchi likawa linatazama vikombe.

— Imeibwa? mwanamke akauliza.

— Hapana! Hii ni yangu. Niliinunua mpya, risiti ninayo.

— Ina ugonjwa umeuficha ndani?

— Haina dada, wallahi haina.

— Haijaibwa, haina ugonjwa, inaingiza hela, na shule zinafunguliwa. Basi kasoro iko wapi, kaka yangu?

Kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Bima, yule dada wa kola aliendelea kugawa karata na kutabasamu.

— Siuzi, Overloki akasema.

— Nini?

— Nisamehe dada yangu, nimekusumbua. Siuzi.

— Nilijua tu! mwanamke akang'aka. Nilijua tangu nilipowaona mmejipanga hapa. Mnataka niongeze.

Akataja bei nyingine, kubwa kuliko waliyokubaliana kwenye simu, kubwa kiasi kwamba Bima alimeza kahawa vibaya akakohoa. Overloki aliisikia bei ile, na sisemi uongo, ilimchoma. Akashika stuli kwa mkono mmoja na mashine kwa mkono mwingine, akavirudisha ndani ya kibanda bila kugeuka.

Mwanamke aliondoka akisonya. Mara mbili aligeuka kutazama kama watamwita, maana aliamini kabisa kuwa wanamchezea, na hakuna aliyemwita.

— Sasa fundi, Bima akauliza mlangoni, simu bado mkononi, na meza yetu? Tuliyoitafuta siku nzima?

— Chezeni nyie, Overloki akajibu kutoka ndani. Atangulie fundi mwingine.

Bima alimtazama Kimya, Kimya akamtazama Antena, na Antena akapiga mluzi akijifanya ameona mteja kwenye kibanda chake, ingawa hapakuwa na mtu. Ndani, Overloki alichomeka waya ukutani, akavuta sketi ya kwanza ya shule kutoka kwenye rundo, akaanza kupitisha uzi.