Mvumo wa Redio ya Mzee Gia

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu, ubao wa ubavu wa lori uliolazwa juu ya rimu mbili za chuma. Mkono wa kulia kuna karakana ya Cheche, mchomeleaji wa mageti. Mkono wa kushoto ananyoa Wembe, na katikati yao kuna kibanda cha Daktari, ambaye maisha yake yote hajamtibu mtu ila simu. Shangazi anauza kahawa na kujifanya hasikilizi. Mwenye benchi ni Mzee Gia, dereva wa malori aliyestaafishwa na goti, na pembeni yake, juu ya kreti ya soda, hukaa redio yake ya upepo, ile wanayoitiana madereva barabarani. Inakula betri ya gari na huvuma kutwa nzima mpaka wateja wa Wembe wanazungumza kwa kupayuka. Asubuhi hiyo benchi lilijaa mapema kuliko siku zote, kahawa inamiminwa, na Mzee Gia hakuwa na raha hata chembe. Redio ilikuwa haivumi.

— Hebu sikilizeni, alisema, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Mnasikia nini?

Wembe akainama.

— Nasikia shhh.

— Shhh gani?

— Shhh ndogo.

— Ndiyo hiyo sasa. Jana ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, leo inapumua tu. Redio isiyovuma haishiki kitu. Mimi nimelala na hizi redio kichwani mwa lori ujana wangu wote, usinifundishe.

— Nani amekufundisha? Mimi nimesema shhh.

Wote walijua kinachomsumbua. Binti yake alikuwa mlimani, safari ya kwanza peke yake na lori lenye mzigo, akishuka ule mteremko wa kona ambako simu hazishiki. Juzi mzee alimwambia mbele ya mama yake kwamba mteremko ule si wa kujifunzia. Binti hakubishana sana. Alichukua funguo akasema, "Basi kaa na redio yako, nikifika chini nitakuita." Tangu hapo hawajasemeshana. Na sasa jua lilikuwa limepanda vizuri, saa yoyote angeita, na redio iko hoi.

— Betri hiyo, alisema Wembe. Betri ikichoka inaanza na masikio.

— Betri nimeijaza jana.

— Basi antena imeoza.

Cheche aliweka kikombe chini.

— Antena nimeichomelea mimi. Ukiiona imeoza, na huyu Cheche ameoza. Tatizo ni jua. Jua likiwaka hivi hewa inalegea, mawimbi yanapita juu kwa juu, hayashuki kwa maskini.

— Hewa inalegea, alirudia Shangazi, kama mtu anayeonja uongo. Nyie wanaume bwana. Tazameni lile ghorofa nyuma pale. Mwenyewe amefunga madishi matatu. Anavuta mawimbi yote ya mtaa huu, sisi tunabaki na makombo.

Wembe akasimama kabisa, maana wazo lilikuwa limemwingia.

— Yameisha.

— Nini kimeisha?

— Mawimbi. Watu wanatumiana video tangu asubuhi mpaka usiku, mnadhani yanatoka wapi? Kisima kina mwisho wake. Sisi tumekuja kuteka mwisho.

Hapo kijiwe kikachachamaa. Cheche alitaka kwenda kumgongea mwenye madishi. Wembe alitaka mtaa mzima uzime simu kwa muda ili mawimbi yajae tena. Shangazi alisema labda redio imenuna, kwa sababu mzee aliibadilishia kreti. Kila mmoja alisema huku amemshika mwenzake bega, na Mzee Gia katikati yao alikuwa anageuza vitufe, akirudi palepale kwenye chaneli yao. Kila akiinamia spika aliona kona. Kona ya tatu hasa, ile yenye ukingo uliobomoka.

— Nipisheni, alisema Daktari. Mnaongea, mgonjwa anakufa.

Akatoa bisibisi yake ya simu, nyembamba kama sindano. Akaijaribu kwenye skrubu za redio. Skrubu zilikuwa kubwa, bisibisi ikazunguka bure. Akatazama huku na huku, aibu imeanza kumpanda, mpaka macho yakatua kwenye kipaza sauti kilichoning'inia na waya wake. Skrubu zake zilikuwa ndogo.

— Ugonjwa uko hapa, alisema.

— Daktari, hicho ni cha kusemea, alisema Mzee Gia. Sisi tunataka kusikia.

— Mzee, hiki ndicho pua ya redio. Pua ikiziba, sikio linasikia?

Wembe alishika pua yake, akasema hapana, kweli halisikii vizuri. Ushahidi ukawa umekamilika.

Siku nyingine Mzee Gia angemfukuza na bisibisi yake. Siku hiyo angekubali hata kupaka redio mafuta ya kuchua.

— Fungua, alisema. Ila fanya haraka.

Daktari akafungua. Kifuniko kikatoka, kitufe cha kubonyeza kikatoka, na springi iliyokuwa chini ya kitufe haikungoja kutolewa. Iliruka yenyewe, ikapita juu ya sinia la kahawa, ikapotelea mchangani.

— Usinyanyue mguu mtu, alisema Cheche.

Wakapiga magoti wote, Shangazi na kanga yake, Mzee Gia na goti lake bovu, wakawa wanachambua mchanga kwa vidole. Hivyo ndivyo alivyowakuta mama mmoja aliyekuja kufuata geti lake.

— Mmeangusha nini?

— Springi, alijibu Cheche kutoka chini ya benchi.

— Na geti langu?

— Mama, nisamehe. Umeme umekatika tangu alfajiri. Mashine ya kuchomelea haiwaki.

— Kwa hiyo wote mko hapa kwa sababu hiyo?

— Tungekuwa wapi? alisema Wembe. Mashine ya kunyolea nayo inakula umeme.

Mzee Gia aliacha kuchambua mchanga. Alimtazama Cheche, akaitazama karakana, akaitazama redio iliyokaa inapumua taratibu.

— Cheche, leo hujachomelea kabisa?

— Hata cheche moja.

— Kumbe, alisema mzee, akajivuta akakaa. Kumbe haumwi huyu. Miaka yote nilidhani nasikiliza barabara, kumbe nilikuwa nasikiliza mvumo wa mashine yako ya kuchomelea.

Hawakupata nafasi ya kucheka. Redio ilifunguka, na sauti ikatoka safi, wala haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nyuma yake iliwezekana kusikia taa za tahadhari za lori zikilia tik, tik.

— Baba. Nimefika chini. Unanisikia?

— Nakusikia, mwanangu, alisema Mzee Gia, akiiambia spika.

— Baba? Unanisikia?

Wote wakakitazama kipaza sauti. Kilikuwa kwenye sinia, vipande vinne, kimoja kikiwa hakipo. Daktari alirudi mchangani kwa mikono miwili.

— Haya, najua mvumo wa kwenu umenimeza, iliendelea ile sauti. Basi nasema tu, breki zinapoa. Niliogopa, baba. Kona ya tatu mguu ulikuwa unatetemeka mpaka naona aibu. Nikawa nasema kwa sauti peke yangu, gia ya pili, usiguse breki, acha lori likae, kama unavyosemaga. Nimekukasirikia, na bado sijamaliza. Lakini mteremko mzima wewe ulikuwa umekaa hapa, kiti cha pili. Sijui kama hata wewe mara ya kwanza uliogopa.

— Nimeipata, alisema Daktari kwa sauti ya chini. Akaipuliza springi, akaipachika, akabana kifuniko kwa kidole na kumnyooshea mzee kipaza sauti.

Mzee Gia alikishika na hakubonyeza.

— Bonyeza basi, alisema Shangazi.

Akabonyeza.

— Sana, mwanangu. Niliogopa sana. Umeendesha vizuri. Njoo nyumbani.

Akaachia kitufe. Upande wa pili zile taa zililia tik, tik.

— Baba. Kumbe ulikuwa unanisikia muda wote huo?

Mzee Gia alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Wembe, na Wembe akatazama ndani ya kikombe chake kitupu. Mzee akabonyeza ili ajibu, na kidole akakisahau pale pale, hivyo binti akasikia kila kitu, kijiwe kinavyocheka na baba yake anavyolia.