Jina la Mama Yangu Kwenye Kipaza Sauti

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nimeokoka, nampenda Yesu, na leo nimesimama hapa nikiwa na furaha, ila pia mmenichosha. Mnivumilie niseme.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Neema, nilitoka Ukambani kuja kufua nguo hotelini Diani. Mume wangu ni mpishi, kazi yake iko Dubai. Barua za posta zinachelewa mno, na intaneti ilipoingia Ukunda nikafungua barua pepe kwenye duka la kompyuta la Mwanakombo. Kompyuta ikaniuliza swali la siri, la kunisaidia nikisahau neno langu la siri la kufungulia: mama yako aliitwa nani kabla ya kuolewa? Nikajibu kweli. Mtu aliyeokoka adanganye mashine?

Basi ikaja ile wiki ya kuvunja laana za ukoo. Mnakumbuka! Kila mmoja alitakiwa kutoa jina la mama yake la kabla ya kuolewa, kijiji alikozaliwa yeye na jina lake mwenyewe la utotoni, eti maombi yasipotee njia. Na kiongozi wa maombi akayataja yote kwa kipaza sauti, spika zimeelekezwa barabarani! La mama yangu alilirudia na kulirudia, kwa sababu nilichelewa kuanguka chini nilipoombewa.

Siku chache baadaye nikaitwa mapokezi pale hotelini, kuna simu ya Dubai. Mume wangu alikuwa analia. "Mama Neema, kama umenichoka si ungeniambia kwa mdomo wako? Umeniandikia nisije likizo, umepata mwingine!" Mimi! Nililia, nikaapa, wala hakuniamini. Barua ilitoka kwenye anwani yangu, na chini yake lilikuwapo jina langu la utotoni. Akasema anafuta safari, akakata simu.

Nikakimbilia kwa Mwanakombo. Neno langu la siri halikufungua kitu. Nikaja kwenu, ndugu zangu, na nyinyi mkafanya nini? Mkafunga, mkamkemea pepo wa kompyuta! Na mkaanza tena na jina la mama yangu, kwa kipaza sauti! Nilitaka kujificha chini ya benchi.

Ukombozi wangu Mungu aliuleta kupitia mwanamke wa Kidigo ambaye hajakanyaga kanisa hili hata siku moja. Nilimrudia Mwanakombo asubuhi, akaniuliza, "Dada'angu, ni nani mwingine ajuaye jina hilo la mamako?" Kabla sijajibu akacheka. "Lo! Si hata mimi nalijua? Nililisikia papa hapa dukani, nakoroga chai yangu."

Akaniketisha, akanieleza kwamba mtu aliyelisikia jina lile alijibu swali la siri akaingia kwenye barua zangu. Huyo mwizi alikuwa amebadilisha neno la siri, lakini swali aliliacha vilevile, nasi tukaingia kwa mlango uleule alioingilia. Tukaweka neno jipya, refu, lisilo na jina la mtoto wala la kijiji. Tulipofika kwenye swali akaniambia niandike jibu la uongo. Nikakataa! Akashika kiuno. "Dada, kompyuta haikuapishi. Andika lolote, mradi ulikumbuke." Nikaandika. Na siku hizi siinuki kitini kabla sijahakikisha nimefunga barua zangu.

Baada ya hapo nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, mume wangu apige tena. Akapiga! Nikamweleza yote, nikamkumbusha neno alilonong'ona siku ya harusi yetu, ambalo hata nyinyi hamjawahi kulitangaza. Akacheka. Yule pale, benchi la nyuma, amekuja likizo. Haleluya! Aliyetufanyia hivyo sijamjua mpaka leo, nimemwachia Bwana.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu. Mwenye mzigo amwambie, anasikia hata ukinong'ona. Yeye alimjua mama yangu kabla hajaolewa, hahitaji spika. Nawe ndugu kiongozi wa maombi, nakuona unakiendea kipaza sauti. Ukitaka kuniombea, niombee. Mimi ni Mama Neema, basi.