Diodi Nne za Chaja ya Rubani

Ilikuwa Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, nilipochomeka ukutani chaja ya kiti cha Rubani, ikalia paa! na karakana ya baba ikajaa moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua. Rubani si rubani; ni mzee anayeendesha kiti cha magurudumu cha betri kwa mwendo wa kutisha kuku, na kesho yake saa nne mjukuu wake alikuwa anahitimu uuguzi. Bila chaja, betri haijai. Bila betri, kilima cha kwenda chuoni hakuna wa kumsukuma akakimaliza. Baba, ambaye macho yake hayaoni tena vitu vidogo, alikuwa amenikabidhi mimi kazi ya kuitengeneza chaja hiyo, ya kwanza kuifanya peke yangu. Nilitoka nje nikikohoa. Pale kwenye benchi la kibarazani wenyewe walishashika vikombe vyao vya kahawa: Kinyozi, Mstaafu wa posta, na Injinia, ambaye anaziba pancha za baiskeli na hajasomea lolote.

Kinyozi: We binti, unapigana na nani humo ndani?

Mimi: Kapasita imepasuka. Ile inayotuliza umeme. Bahati betri ilikuwa bado sijaiunganisha.

Mstaafu: Ndiyo maana ya haba na haba hujaza kibaba. Umeme umejaa, umefurika.

Injinia: Acha hizo, mzee. Umeme wenyewe siku hizi unakuja mchafu. Juzi mashine ya Kinyozi ilimng'oa mtu nywele badala ya kumnyoa.

Kinyozi: Yule ana nywele ngumu, usinisingizie!

Mstaafu: Hebu mama, tupe kisomi. Humo kwenye chaja mna nini?

Nilichukua chaki ya Injinia nikachora sakafuni, nikishukuru mikono imepata kazi. Umeme wa ukutani, nikawaambia, huenda na kurudi, mara hamsini kila sekunde. Betri inataka wa kwenda tu. Diodi ni kidude cheusi, kadiri ya punje ya hindi, chenye mstari mweupe ncha moja. Kinapitisha umeme upande mmoja, ukitaka kurudi kinaufungia. Ukizifunga nne sawasawa, wa kwenda na wa kurudi wote hutokea mlango mmoja.

Injinia: Kumbe ni vali ya tairi! Hiyo fani yangu. Upepo unaingia, hautoki.

Mstaafu: Kama mkwe wangu. Kaingia kwangu mwaka juzi.

Nilicheka nao huku chaki ikiendelea. Mshale ukaingia kwenye diodi, ukatokea penye mstari. Hapo chaki ikasimama. Umeme hutokea penye mstari. Kwa hiyo pale mistari miwili inapokutana ndipo penye chanya. Mimi chuoni nilikariri kwamba ncha yenye mstari ni kathodi, na kathodi ni hasi, basi. Nikapafanya hasi. Diodi zote nne nilizifunga kinyume, tena kwa unadhifu wa kupigiwa picha, na kapasita haivumilii kugeuziwa chanya na hasi.

Nikaufuta mchoro kwa kiatu.

Injinia: Mimi nasema sisimizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Wanaingia kwenye plagi kutafuta joto.

Kinyozi: Sisimizi wapasue chuma? Hiyo chaja imekumbuka mkono wa baba yako, imelia kwa uchungu.

Mstaafu: Mwezi! Jana ulikuwa mpevu. Kama unavuta bahari nzima, umeme ni nani?

Kinyozi: Mwezi, mchana huu?

Mstaafu: Umeme unasafiri, bwana. Huu wa leo umeanza safari jana usiku.

Walibishana hadi Kinyozi akamwaga kahawa yake. Ndipo nikagundua: walishalaumu wadudu, chaja, hata mbingu, lakini hakuna aliyetaja mkono uliofunga zile diodi.

Mke wa Rubani akafika, suti ya mumewe iliyotoka kupigwa pasi ikining'inia mkononi.

Mimi: Shikamoo, bibi.

Mke wa Rubani: Marahaba. Nimeambiwa chaja imelipuka.

Injinia: Sisimizi, shemeji.

Mstaafu: Mwezi, shemeji.

Mke wa Rubani: Nani aliyeifunga?

Kinyozi akaangalia ndani ya kikombe kitupu. Mstaafu akakohoa. Injinia akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mimi: Ni mimi, bibi. Nimezifunga diodi kinyume. Mwezi haumo.

Akaniangalia vidole, vyeupe kwa chaki.

Mke wa Rubani: Unaweza kuzigeuza?

Mimi: Naweza.

Mke wa Rubani: Basi zigeuze.

Akaihamishia suti mkono wa pili, akaenda zake.

Mstaafu: (kwa sauti ya chini) Mwezi umo kidogo.

Kabla jua halijazama nilikuwa nimezigeuza zote nne na kuweka kapasita mpya. Nilipima mara saba. Mara ya nane nilimwomba baba ashike nyaya za mita ya kupimia umeme, nikamsomea namba kwa sauti, naye akasema, "Peleka."

Kesho yake asubuhi, saa tatu na nusu, nilikuwa chini ya kile kilima. Rubani alikuja na suti yake, akasimamisha kiti.

— Umekuja kunisukuma?

— Hapana, babu. Nimekuja tu.

Akakipandisha kiti kilimani. Nilipanda nyuma yake hadi juu, viganja vyangu viwili vikiwa inchi moja kutoka kwenye mgongo wa kiti, bila kukigusa.