Mama Mkwe wa Safu ya Mwisho

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi wa maabara mliokaa mbele na beji zenu shingoni kana kwamba hapa kuna mlinzi mlangoni, familia imemtuma mtoto wa kaka wa marehemu asome historia hii, naye ataisoma kama ilivyokubaliwa jana jioni sebuleni, si kama ilivyoombwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa pili wa fundi redio na mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya mabasi, ambako moshi wa kuchomelea waya ndio uliokuwa marashi ya nyumba. Baba yake alikuwa na desturi iliyowachosha wateja, kwamba kabla ya kugusa redio iliyokufa alikijaribu kwanza kipimo chake kwenye betri aliyoijua kuwa nzima, na mteja akinung'unika kwamba fundi gani huyu anapima kisichoumwa, alijibiwa, "Kipimo nacho huugua, mzee wangu." Aliyeshika betri hiyo ni marehemu, tangu kichwa chake hakijafika mezani, na yaliyomtokea ukubwani yote yalianzia pale.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaenda sekondari ya bweni mwaka 1975, akaingia chuo kikuu mwaka 1982 na kumaliza shahada ya pili ya biokemia mwaka 1988, na kwa kuwa siku hizo kazi ndiyo iliyomtafuta msomi, jambo ambalo sisi wenye digrii na CV zilizokunjika pembe tunalisikia kama hadithi ya sungura na fisi, tarehe 2 Januari 1989 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa dawa, kitengo cha protini.

Kwa ambao hawakuwahi kuambiwa alifanya nini humo miaka yote, kazi yake ilikuwa kujua kama protini mbili zimeshikana au hazijashikana, na kwa kuwa vitu hivyo ni vidogo mno kuvitazama, kila protini hutengenezwa ikiwa na kimkia cha kuitambulisha, kisha huletwa kingamwili, jamii ya zile ambazo mwili hukamatia vijidudu, ila hizi zimechaguliwa kushika mkia tu, nazo zimepakwa rangi ing'aayo. Kingamwili moja hushika mkia wa protini ya kwanza, nyingine mkia wa protini ya pili, na wenye mikia wakikumbatiana zile rangi hukaribiana, moja ikaipa mwenzake mwanga, mashine ikausoma. Ukitia dawa na mwanga ukafa, utasema dawa imewaachanisha. "Utasema," marehemu aliwaambia wanafunzi wake, "lakini umeona nini? Umeona walioshika mikia. Wenyewe hujawaona."

Kwa hiyo katika kila sahani ya plastiki ya kupimia, yenye vishimo vilivyopangwa kwa safu, aliyoiandaa, safu ya kumi na mbili, ile ya mwisho kabisa, aliweka kipande kimoja cha protini chenye mikia yote miwili, kisicho na mwenzi wa kuachana naye, ambacho mwanga wake haupaswi kufa kwa dawa yoyote, na ukifa ujue dawa haijaachanisha mtu, imewafanya kingamwili waachie mikia, au imeumeza mwanga wenyewe. Safu hiyo aliiita mama mkwe, kwa sababu hukaa pembeni, hasemi neno, na ndiye pekee anayejua kama ndoa imevunjika au ni taa tu iliyozimwa. Jina likamrudia mwenyewe, na hata wafagizi waliomjua kwa viatu tu walimwita Mama Mkwe.

Tarehe 6 Aprili 1991 alifunga ndoa na mtafiti wa meza ya jirani, ambaye leo sote tunamwita Profesa, naye yupo hapa mbele yetu. Alipendwa, hilo lisemwe wazi, maana Profesa ndiye aliyekuwa akimbebea ndoo ya barafu kutoka ghorofa ya chini kila asubuhi mpaka vidole vikafa ganzi, na wenzao wakacheka kwamba bwana huyu penzi lake litamuua kwa nimonia. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1994.

Mwezi wa Mei 2009 ililetwa mezani dawa moja, unga wa njano kama manjano ya jikoni, nayo ikatiwa katika protini mbili ambazo kitengo kizima kilikuwa kikizihangaikia, mwanga ukafa vizuri mno, safu baada ya safu, watu wakaanza kupigana mabega. Marehemu akatazama safu ya mwisho, na mama mkwe naye alikuwa amekufa. Alirudia kwa kingamwili mpya, akarudia tena kwa za kundi lingine, hali ikawa ile ile, na jioni akampelekea mumewe habari jikoni, Profesa akiwa anaosha vikombe, naye siku hizo ndiye mkuu wa kitengo.

"Ndoa haijavunjika," alimwambia. "Umezima taa."

"Mke wangu, wafadhili wanakuja Jumatatu. Jaribu kuwa team player, mara moja tu."

"Timu gani hiyo inayocheza gizani?"

Jumatatu ilipofika, sahani ikaonyeshwa ukutani kwa rangi nzuri, kubwa kama mlango, kuanzia safu ya kwanza hadi ya kumi na moja, basi. Marehemu aliinuka kutoka kiti cha nyuma, akauliza kwa adabu zote ya kumi na mbili iko wapi, na waliokuwamo ukumbini, ambao baadhi yao mmekuja leo na shada la maua ya plastiki, mkainamia viatu vyenu kama watu wanaotafuta sarafu. Wiki hiyo hiyo aliondoa jina lake katika kazi ile, mwenyewe, kwa hiari, bila kusukumwa, na wiki iliyofuata akahamishiwa stoo ya majokofu, with immediate effect, kama wanavyopenda kusema watu wasiotaka kuulizwa kwa nini.

Kilichofuata kinatia kinyaa, na familia haioni sababu ya kukipulizia manukato. Kazi ilichapishwa, makofi yakapigwa, Profesa akapanda ngazi mbili kwa mpigo, na tangu hapo walioambiwa kwamba mama mkwe amekufa walisema kwa sauti ya huruma kwamba yule mama ana wivu na mumewe. Mwaka 2014 maabara nyingine ikazipima protini zile kwa njia isiyotumia mikia wala rangi, ikazikuta zimekumbatiana vilevile, dawa ya njano imo humo humo haina habari, na badala ya kusema tulikosea, mradi ukafukiwa kimya kimya kama paka anavyofukia chake, kitengo kikafungwa, vijana waliokuwa wakijifunza kazi pale wakarudishwa kwao, na waliokuwa nyuma yao kwenye foleni, akiwemo anayewasomea, wakaambiwa kwenye kila intavyuu kwamba wanakosa experience. Kukosea si aibu, maabara ni nyumba ya kukosea. Kinachochefua ni kwamba safu ile ilikatwa na mkono ulioijua, mkono ule ule uliobeba barafu.

Marehemu hakuondoka nyumbani. Waliendelea kuishi chini ya paa moja kwa miaka kumi na zaidi, kama sahani mbili za kabati moja, na majirani waliowaona wakikaa barazani viti vikigusana walisema wameshikana hao, hawaachani, naye akisikia hivyo alimgeukia binti yake akakonyeza jicho. Aliyestahili kukielewa kichekesho hicho alikuwa kiti cha pili, akisoma gazeti.

Alistaafu tarehe 14 Juni 2021. Mwezi wa Agosti 2022 alianza kusumbuliwa na tumbo, akagundulika kuwa na saratani, akalazwa mara tatu, na hata pale wodini muuguzi alipomletea kipimo kidogo cha karatasi, marehemu alisukuma miwani puani na kukagua kwanza ule mstari wa juu unaothibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, akasema, "Huyu mzima. Haya, nipe habari mbaya." Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2023 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Sasa lisemwe lililotuweka sebuleni jana. Profesa atavishwa nishani ya utumishi mwezi ujao, minong'ono ya safu ya kumi na mbili haijafa, na kwa hiyo aliiomba familia, kwa upole, tusome hapa kwamba yeye na mkewe waliigundua dawa ile pamoja, na maneno hayo yachongwe kwenye jiwe la kaburi. Wazee walitazamana, wengine wakaanza kulainika, maana mtu akifiwa hupewa chochote aombacho. Aliyejibu ni binti.

"Baba, mama alitoka kwenye kazi ile kwa miguu yake. Usimrudishe leo, hawezi kutoka tena."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na kitu. Akasema, "Nilimpenda lakini."

"Hilo litasomwa," binti akamwambia.

Nalo limesomwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule wa kipimo cha karatasi ambaye amesafiri kuja, inawashukuru majirani kwa viti, maji na mikono, inawashukuru wanafunzi wake wa zamani waliokuja bila beji, na kwa wafanyakazi wenzake inasema asanteni kwa shada. Profesa atatangulia kutupa udongo, kama mume, na hakuna anayemnyima hilo. Marehemu ameacha mume, binti na wadogo zake watatu, na jiwe lake litabeba jina lake na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, na kando yake patakuwa peupe.

Mama Mkwe, jina lako unalazwa nalo likiwa safi, hakuna aliyelibandika popote, pumzika kwa amani.