Mama Alipoomba Nihuishwe

Amani ya Bwana iwe nanyi, wapendwa. Mimi ni Kabula, binti wa yule mama muuza dagaa wa Igombe, ambaye akianza pambio hata kipaza sauti kinaona aibu. Mchungaji amenionya nisirefushe. Nitajaribu, ila alichonitendea Mungu ndicho kirefu.

Ndugu zangu, tangu utoto mimi ni mtu wa kuchora. Nilianza na kijiti kwenye mchanga wa mwaloni, pale wamama wanapoanika dagaa. Nilichora korongo, wale ndege wakubwa wanaosubiri matumbo ya samaki, wanaotembea kama wazee wanaokwenda kusuluhisha kesi. Mama akinikuta nachora huku kunguru wanakula dagaa, anaita, "Kabura, unachola tena?" Kwa mama yangu R na L ni mapacha, hajui yupi ni yupi.

Picha iliyosimama haikunitosha. Nilipenda mwendo. Babu yangu kule Magu alicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Nikienda likizo nilimtazama akirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka bila kuliangalia. Watu wote waliangalia jembe. Mimi niliangalia magoti yake, maana magoti yalishajua jembe litaangukia wapi. Nikirudi nyumbani nachora magoti tu, karatasi baada ya karatasi, kisha nazipitisha haraka kwa kidole gumba mpaka babu anachuchumaa na kuinuka. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza.

Baada ya shule nikapata kazi ya kutoa kopi kwenye duka moja mjini. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake uko Mwanza tangu zamani, aliona nachora nyuma ya karatasi zilizoharibika, akaniambia nisitupe, nichukue zote. Mungu ambariki mzee yule. Jioni nilikaa kwenye mawe ya ufukweni nikichora miendo ya wapita njia. Humu ndani wapo niliowachora bila ruhusa. Mzee wa kanisa, usigeuke nyuma, ni wewe.

Nikapata kikundi cha vijana wanaofundishana kuunganisha michoro kwa simu mpaka itembee. Na mtu wa kwanza niliyetaka atembee alikuwa baba yangu. Baba alipotea ziwani nikiwa mdogo. Dhoruba ilipindua mtumbwi, mwili wake haukupatikana. Nikamchora anapanda kutoka ufukweni, wavu begani. Siku alipotembea kwenye simu, furaha ilinizidi. Sikumwandaa mama, nikamwekea tu simu mbele ya macho.

Beseni la dagaa likamtoka mikononi. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Nani amemtoa?"

Ndugu zangu, ninyi ni watu wa huku, mnajua alichokuwa anauliza. Mtu ambaye hakuzikwa, halafu aonekane anatembea, sisi tunamwita msukule. Tunasema wachawi wamemficha wamfanyishe kazi. Ningesema, "Mama, ni katuni tu," yangeishia pale. Lakini nilitaka kuonekana msomi. Nikatoa lile neno sanifu tulilofundishwa kikundini. Nikasema, "Hakuna aliyemtoa, mama. Nimemhuisha mimi. Hii kazi inaitwa uhuishaji."

Nimemhuisha mimi, jamani. Kama ningemmwagia mafuta ya taa ingekuwa nafuu.

Kesho yake wamama wa maombi wakajaa nyumbani. Waliniwekea mikono, wakakemea hadi sauti zikakauka. Picha ile niliifuta mbele yao. Karatasi zote mama alizichoma uani, kama watu wanavyochoma hirizi, korongo wangu wakaungua pamoja na magoti ya babu. Sikumpinga. Nilisema moyoni, kama mkono wangu unamtesa mama hivi, basi na upumzike.

Nikaacha kuchora. Sikujua kwamba mtu anaweza kukauka na huku anakula ugali kila siku. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikaitikia amina. Majirani walimpongeza mama kwamba binti sasa ametulia. Mama ndiye pekee aliyeona kwamba sijatulia, nimezimika, na hilo lilimuuma kuliko picha.

Alhamisi moja alasiri wamama wakaja tena kuomba. Mama akanishika huu mkono wa kulia, akaanza kwa machozi, "Ee Bwana, mtazame binti yangu, amekauka. Mhuishe, Bwana. Mhuishe mwanangu." Halafu akanyamaza. Wenzake wanaendelea kuomba. Nikafungua jicho moja. Alikuwa ananitazama.

"Lile neno lako," akasema, "ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

Mama Mchungaji akacheka taratibu. "Mama Kabula, tangu nikujue unaomba kuhuishwa kila ibada. Leo limekuwa neno la wachawi?" Kisha akaniambia nieleze. Safari hii nilieleza kwa Kiswahili cha jikoni. Ni picha nyingi, kila moja imesogea kidogo, ukizipitisha haraka jicho linadanganyika linaona mwendo. Uzima anao Mungu. Mimi nina karatasi tu.

Ndugu zangu, siku ile nilifunguliwa mimi, akafunguliwa na mama. Ameniruhusu niseme hapa kwamba miaka yote hiyo alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba baba hakufa, kwamba yuko mahali analimishwa na watu wabaya wala hawezi kuita. Kila upepo ukigonga mlango alishtuka. Hofu hiyo ndiyo aliyoiona ikitembea kwenye simu yangu.

Wamama walipoondoka akaniambia, "Mchore tena." Nikachora. Akatikisa kichwa. "Huyo nani? Baba yako alikuwa anaburuza mguu wa kushoto, na bega la wavu linashuka." Akainuka, akatembea mbele yangu kama alivyotembea baba. Mimi nilikuwa mdogo, hayo nisingeyajua kamwe. Akisema shusha bega, nashusha. Akisema bado, nafuta. Tulifanya hivyo siku nyingi, tunacheka na kugombana, mpaka jioni moja akaangalia mwendo wote, akasema, "Mh. Ndiye."

Akalia, nikamwacha alie. Alipofuta machozi akasema, "Marehemu baba yako alikuwa na maringo." Wapendwa, sikuwahi kumsikia mama akitamka neno marehemu kwa baba. Hakuna aliyewahi kulisikia.

Namshukuru Mungu. Nimerudi kikundini, nachora kila siku, na mama sasa mlango ukigongwa na upepo anasema tu kwamba ni upepo. Wewe uliyekaa hapo na hofu ambayo hujawahi kuitamka, mpelekee Bwana leo. Ukikosa maneno, sema kama mama, nihuishe.

Na ibada ikiisha msikimbilie mlangoni. Mama amekuja na simu yake, anataka kuwaonyesha marehemu mume wake alivyokuwa anatembea.